TULIVYOUZUNGUKA MJI WA AMSTERDAM KWA BAISIKELI

Kwetu sisi baisikeli ni chombo cha kazi. Inabeba mikungu ya matoke kwenda sokoni, inabeba madumu ya maji na magunia ya kahawa, na usiku inamfikisha mgonjwa zahanati, yeye kakaa kwenye keria na ndugu yake anasukuma. Mtu akipata pikipiki, baisikeli huwaachia watoto. Kwa hiyo wasomaji wengi watashangaa kusikia kwamba huko Ulaya wapo watu wenye magari yao nyumbani, wenye uwezo wa kupanda ndege, ambao hutoa fedha nyingi ili wapande baisikeli kwa saa tatu mjini, mbele yao akitangulia mtu wa kuwaonyesha njia na kuwaeleza habari za mji.

Sisi wenyewe tumefanya safari ya namna hiyo katika mji wa Amsterdam, nchini Uholanzi. Tulikuwa watatu: dada yetu mchuma chai kutoka upande wa Fort Portal, ndugu yetu fundi wa mitambo katika kiwanda kimoja cha sukari, na mwandishi wa ukurasa huu. Tulikuwa tumekwenda mkutanoni mwishoni mwa mwezi wa Februari, na siku moja ilipobaki kabla ya ndege, wanachama wenzetu wa huko wakatukodishia baisikeli pamoja na mwongozaji. Tunasema mapema kwamba fedha zilitoka kwa wenyeji, wala haikutumika hata senti moja ya ada za wanachama, maana tunajua hilo ndilo swali la kwanza litakaloulizwa matawini.

ZIARA YENYEWE

Ziara za baisikeli mjini Amsterdam ni za aina mbili. Ya kwanza ni ya kundi. Watu wasiojuana, kumi au kumi na tano, wanakusanyika saa iliyopangwa, wanapewa baisikeli za rangi moja, kisha wanafuatana kama bata. Njia ni ile ile kila siku na maelezo ni yale yale. Ya pili ni ya binafsi. Mwongozaji ni wenu peke yenu, mnasimama mnapotaka, na mnaweza kumwambia tangu mapema ni mambo gani mnayotaka kuyaona. Bei yake ni kubwa zaidi; kwa sisi watatu ilipita euro 200, fedha ambazo mchuma chai wa kwetu hazioni kwa miezi kadhaa. Lakini kwa watu wenye jambo lao la kutafuta, hiyo ya binafsi ndiyo yenye faida. Sisi tulimwomba mwongozaji asitupeleke kutazama picha za wafalme. Tulitaka kuona mahali wafanyakazi wa mji ule walipoishi, walipofanya kazi na walipodai haki zao. Alifikiri kidogo, akachora njia kwenye karatasi, akasema tutapita kilomita kama kumi na mbili hivi.

Baisikeli za Uholanzi ni nzito na ndefu, zinakumbusha Raleigh za wazee wetu. Nyingi hazina breki ya mkononi. Ukitaka kusimama unarudisha pedali nyuma. Fundi wetu alipanda akaondoka kama mwenyeji. Dada yetu hakuwa amepanda tangu utotoni, kwa sababu kwao msichana akionekana juu ya baisikeli alisemwa kijiji kizima. Mwongozaji hakubabaika. Alileta baisikeli yenye sanduku kubwa la mbao mbele, ambayo Waholanzi hubebea watoto na mizigo, akamketisha humo na blanketi miguuni. Kwa hiyo yeye alizunguka mji mzima akitazama mbele kama mkuu wa wilaya, na sisi tukitoka jasho nyuma yake. Njiani tuliona akina mama wa makamo, na wasichana waliovaa nguo nzuri za ofisini, wote juu ya baisikeli, wengine mtoto mmoja mbele na mwingine nyuma. Dada yetu aliwahesabu mpaka akachoka.

Kabla ya kuondoka tulifundishwa masharti. Shika kulia. Fuata njia ya baisikeli, ambayo mara nyingi lami yake ni nyekundu. Ukitaka kukata kona nyosha mkono. Usisimame katikati ya njia kutazama nyumba, utagongwa na mtu anayewahi kazini naye hatakuomba radhi. Na lililo kubwa kuliko yote: reli za tramu zikatize moja kwa moja, usizipite kwa mshazari, kwani gurudumu likiingia katika mfereji wa reli utaanguka papo hapo.

Uholanzi ni nchi ya watu wapatao milioni 18, na baisikeli zake ni zaidi ya milioni 20. Mbele ya stesheni kuu ya Amsterdam, chini ya maji, serikali ya mji ilijenga ghala la kuegesha baisikeli 7,000, likafunguliwa Januari 2023. Tulishuka kuliona. Ni safi kuliko hospitali nyingi tunazozijua. Na bado kila mwaka maelfu ya baisikeli hutumbukia au kutupwa katika mifereji ya mji, na kuna wafanyakazi wenye mashua na mkono wa chuma ambao kazi yao ni kuzivua kama samaki.

SOKO LA KASKAZINI

Kituo chetu cha kwanza kilikuwa uwanja mdogo pembeni mwa kanisa, uitwao Noordermarkt, yaani soko la kaskazini. Uko katika mtaa wa Jordaan. Zamani huo ulikuwa mtaa wa wafanyakazi, familia nzima katika chumba kimoja. Leo nyumba zile zile zinauzwa kwa bei ambayo kuli wa bandari hawezi hata kuiota.

Katika uwanja huo, jioni ya tarehe 24 Februari 1941, walikutana mamia ya wafanyakazi. Uholanzi ilikuwa imetekwa na majeshi ya Hitler tangu Mei 1940. Siku mbili kabla ya mkutano huo askari wa Kijerumani walikuwa wameingia mtaa wa Mayahudi, wakawakamata vijana wa kiume mamia kwa mamia, wakawapiga na kuwachutamisha uwanjani mbele ya watu. Walioitisha mkutano hawakuwa mabwana wakubwa. Willem Kraan alikuwa mtengeneza barabara wa manispaa, na Piet Nak alikuwa mfanyakazi wa usafi wa mji. Wote wawili walikuwa wa chama cha Kikomunisti, ambacho kilikuwa kimepigwa marufuku. Walisimama wakawaambia wenzao kwamba kesho yake mji ulale.

Mji ukalala. Asubuhi ya tarehe 25 tramu hazikutoka. Ndugu zetu wa kiwandani wanajua maana yake: mfanyakazi anayesubiri tramu akaona haiji, ana nafasi ya kuuliza kwa nini, na akishajibiwa anarudi nyumbani au anakwenda kuwaita wengine. Makuli wa bandari waliacha kazi, viwanda vya meli vikanyamaza, maofisi na maduka yakafuata, na mgomo ukafika Zaandam, Haarlem, Hilversum na Utrecht. Siku ya pili Wajerumani wakafyatua risasi mitaani na mgomo ukavunjwa.

Hatutaki kumdanganya msomaji. Mgomo ule haukuwaokoa wale waliokamatwa. Walipelekwa katika kambi za Buchenwald na Mauthausen, na kati ya mamia hao waliorudi ni wawili tu. Wagomaji watatu walipigwa risasi tarehe 13 Machi 1941, pamoja na watu 15 wa upinzani. Willem Kraan naye aliuawa mwaka 1942. Mpaka vita vinakwisha, Mayahudi kama 102,000 wa Uholanzi walikuwa wameuawa. Lakini wafanyakazi wale waligoma kwa ajili ya majirani zao, wala hawakugoma kwa ajili ya mshahara, na walifanya hivyo chini ya mtutu wa bunduki. Tulisimama pale muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Mwongozaji wetu hakutuharakisha.

MAJUMBA YA MFEREJI WA MABWANA

Kutoka hapo tulifuata mifereji kuelekea kusini. Mifereji hiyo ilichimbwa kuanzia mwaka 1613, na mmoja unaitwa Herengracht, yaani mfereji wa mabwana. Majumba yake ni marefu na membamba, yana vidirisha na kulabu juu za kupandishia mizigo. Watalii huyapiga picha. Mwongozaji alitusimamisha mbele ya jumba namba 502, ambalo sasa ni makazi rasmi ya meya wa mji. Lilijengwa mwaka 1672 kwa ajili ya mtu mmoja, Paulus Godin, mkurugenzi wa kampuni iliyofanya biashara ya watumwa. Mbele ya nyumba pamewekwa jiwe la kukumbusha jambo hilo.

Hapo dada yetu akashuka sandukuni, akataka kuelezwa vizuri. Basi akaelezwa. Uholanzi ilikuwa na koloni la Suriname huko Amerika ya Kusini, na kuanzia mwaka 1683 koloni hilo liliendeshwa na shirika ambalo theluthi moja yake ilikuwa mali ya mji wenyewe wa Amsterdam. Mji ulikuwa na hisa katika mashamba! Huko ililimwa miwa, kahawa, kakao na pamba. Meli za Waholanzi zilivusha baharini zaidi ya Waafrika nusu milioni, na sehemu kubwa ya sukari waliyoilima ikaja kusafishwa katika viwanda vya Amsterdam.

Utumwa ulifutwa Suriname tarehe 1 Julai 1863. Wenye mashamba walilipwa fidia ya gilda 300 kwa kila mtumwa. Watumwa wenyewe hawakulipwa kitu. Tena wengi walilazimishwa kufanya kazi mashambani miaka mingine kumi, mpaka 1873, kwa mikataba chini ya usimamizi wa serikali. Mtu anaambiwa yu huru, lakini lazima asaini mkataba wa shamba. Ilipokwisha miaka hiyo wakaletwa Wahindi kwa mikataba, na baadaye watu wa Java. Fundi wetu alisema kwamba mkataba usioweza kuukataa si mkataba, ni kamba iliyoandikwa. Meya wa Amsterdam aliomba radhi kwa niaba ya mji tarehe 1 Julai 2021, na Mfalme Willem-Alexander akafanya hivyo tarehe 1 Julai 2023 katika bustani ya Oosterpark, ambako tangu 2002 kuna mnara wa kumbukumbu ya utumwa. Tulipita hapo baadaye. Ni mnara wa shaba wa watu waliofungwa minyororo, na mbele yao mtu anayetoka kwenye utumwa mikono wazi.

Biashara ya mashamba haijaondoka mjini humo. Amsterdam ni bandari kubwa kuliko zote duniani kwa kakao. Nyingi hutoka Afrika Magharibi, lakini na kwetu Bundibugyo watu wanaijua vizuri kazi ya kupasua matunda yale. Na mwendo mfupi kutoka mjini, huko Aalsmeer, ndiko kwenye mnada mkubwa wa maua ambao hupokea waridi wa Naivasha na wa mashamba ya kando ya Entebbe. Katika mnada huo bei huanza juu kisha ikateremka, na wa kwanza kubonyeza ndiye anayenunua. Anayekata maua shambani hana kidude cha kubonyeza.

WATOTO WALIVYOIFUNGA BARABARA

Tulikuwa tumedhani kwamba Waholanzi wamepewa njia zao za baisikeli na serikali kwa kuwa serikali yao ni tajiri. Wageni wengi hudhani hivyo, na maelezo ya kawaida ya ziara hayaondoi dhana hiyo. Habari yenyewe ni nyingine.

Baada ya vita magari yalizidi, na wakuu wa mipango wakaona baisikeli ni kitu cha zamani. Mwaka 1967 mtaalamu mmoja Mmarekani, David Jokinen, alitoa mpango wa kupitisha barabara kuu hadi ndani ya mji, na mitaa ya wafanyakazi ingebomolewa kuzipisha. Mwaka 1971 ajali za barabarani ziliua watu kama 3,300 nchini humo, na zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto. Fikirieni: watoto 400 kwa mwaka mmoja.

Mwaka 1972 mwandishi wa gazeti, Vic Langenhoff, ambaye binti yake alikuwa ameuawa na gari, aliandika makala yenye kichwa kinachosema: Komesheni mauaji ya watoto. Kutokana na makala hiyo likazaliwa kundi lenye jina hilo hilo. Wazazi walilala barabarani na baisikeli zao, wakafunga njia, wakapeleka madai bungeni. Katika mtaa wa De Pijp, ambao ulikuwa mtaa wa wafanyakazi wenye nyumba zilizobanana, watoto wenyewe waliziba barabara wakidai mahali pa kucheza. Tulipita katika barabara za mtaa huo polepole. Leo kuna miti na viti. Kisha Novemba 1973 nchi za Kiarabu zilipozuia mafuta, serikali ikapiga marufuku magari siku za Jumapili, na watu wakaonja mji usio na moshi. Mwaka 1975 wapanda baisikeli wakaunda chama chao cha nchi nzima. Mwaka huo huo watu wa mtaa wa Nieuwmarkt walipambana na polisi wakikataa nyumba zao kubomolewa. Nyumba nyingi zilibomolewa kwa ajili ya reli ya chini, lakini barabara kuu iliyokusudiwa kupita pale haikujengwa.

Mfano mzuri zaidi ni jumba la makumbusho la Rijksmuseum, ambalo tangu lilipofunguliwa mwaka 1885 lina njia inayopita katikati yake chini kwa chini. Jumba lilipofungwa kwa matengenezo ya miaka kumi, wakuu wake walitaka baisikeli zisirudi tena humo. Wapanda baisikeli walikataa, wakabishana na wakuu hao miaka kwa miaka, na Mei 2013 njia ikafunguliwa tena. Tulipita humo tukipiga kengele, sauti ikirudi kutoka darini. Fundi wetu aliomba tupite mara ya pili.

Matokeo yanahesabika. Mwaka 2023 waliokufa barabarani Uholanzi walikuwa 684, ingawa magari ni mengi mara nyingi kuliko 1971. Kati yao 270 walikuwa wapanda baisikeli, kwa hiyo hakuna aliyelala usingizi. Sheria ya huko inasema gari likimgonga mpanda baisikeli, ni juu ya mwenye gari kulipa isipokuwa athibitishe kwamba hakuweza kuepuka. Na aliyegongwa akiwa mtoto wa chini ya miaka 14, ulinzi wake ni mkubwa zaidi. Tangu Desemba 2023 barabara nyingi za Amsterdam zina mwendo wa kilomita 30 kwa saa tu. Na mwaka 2024 mwajiri aliweza kumlipa mfanyakazi anayekwenda kazini kwa baisikeli hadi senti 23 za euro kwa kila kilomita bila kodi. Wenyeji wetu walituambia kwamba fedha hiyo haiji yenyewe, inaandikwa katika mapatano ya pamoja.

Hapo fundi akasimulia ya kwetu. Alisema watu wa zamu ya usiku hutoka kiwandani saa tano, wakafuata ukingo wa barabara kuu bila taa, na malori ya miwa yakiwapita yamejaa mpaka yanapepesuka. Mwenzao mmoja aligongwa, na wakubwa wa shamba wakasema ajali ilitokea nje ya geti, kwa hiyo haiwahusu. Tunaomba kila katibu wa tawi nchini Uganda asome tena Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000. Sheria hiyo inahesabu kuwa ni ajali ya kazini ile inayompata mfanyakazi akiwa anakwenda kazini au anarudi moja kwa moja. Ni juu ya mfanyakazi kuonyesha kwamba hakupinda njia. Kwa hiyo likitokea, andikeni saa aliyogonga kadi, saa ya ajali, mahali, na majina ya waliokuwa naye, siku hiyo hiyo, kabla maneno hayajageuka.

NGOME YA WAKATA ALMASI

Baada ya Oosterpark tuliingia barabara fupi yenye miti iitwayo Henri Polaklaan. Huko lipo jumba la matofali lenye mnara, kama ngome. Halikujengwa na bwana yeyote. Lilijengwa mwaka 1900 na chama cha wakata almasi, na aliyelichora alikuwa Berlage, msanifu mashuhuri.

Almasi zilikuwa zikija kutoka Afrika Kusini. Kazi ilipokuwa nyingi wafanyakazi walikula vizuri, ilipopungua walilala njaa. Tena waligawanyika: Mayahudi na vyama vyao, Wakristo na vyao, na kila kazi ndani ya kiwanda ikijiona bora kuliko nyingine. Mwaka 1894 ulizuka mgomo mkubwa, na katika mgomo huo wakaungana wakaunda chama kimoja. Kiongozi wao Henri Polak naye alikuwa mkata almasi. Alitaka ada iwe kubwa, watu wakanung'unika, lakini ada hiyo ndiyo iliyoweka akiba ya mgomo, ikalipa makarani wa kudumu na kununua vitabu vya maktaba. Mwaka 1911 wakapata siku ya kazi ya saa nane. Wakati wa vita wanachama wengi waliuawa kwa kuwa walikuwa Mayahudi, na chama hakikupata nguvu zake tena.

Tuligusa ukuta wa jengo. Dada yetu aliuliza kwa nini chama cha wafanyakazi kilijenga jumba la fahari namna ile badala ya kugawana fedha. Mwongozaji alijibu kwamba Polak aliamini mfanyakazi naye anastahili kukaa mahali pazuri. Jibu hilo halikumridhisha, nao waliendelea kubishana mpaka kituo cha mwisho.

Kituo hicho kilikuwa sanamu ya kuli wa bandari, iliyotengenezwa na Mari Andriessen na kuzinduliwa mwaka 1952. Ipo katika uwanja wa Jonas Daniël Meijer, pale pale walipochutamishwa wale vijana wa 1941. Kuli amesimama miguu imeachana, mikono mitupu imetanuka kidogo, kichwa juu. Kila tarehe 25 Februari watu huja hapo kuweka maua. Sisi tulifika siku chache baadaye, mashada yalikuwa bado yapo, waridi nyingi zimeanza kunyauka kwa baridi. Mchuma chai wetu aliinama akalitazama shina la waridi moja jinsi lilivyokatwa, kama mtu anayetafuta alama ya mkono anaoujua.

MWONGOZAJI NAYE NI MFANYAKAZI

Tukiwa tunarudi stesheni tulimwuliza mwongozaji habari zake mwenyewe. Hakuwa ameulizwa na watalii, alisema, isipokuwa kama ameoa. Anafanya kazi kwa kampuni moja ya mjini, lakini kwenye karatasi yeye si mfanyakazi wake. Ameandikwa kuwa mtu aliyejiajiri. Analipwa kwa ziara. Mvua ikiwafukuza wageni, halipwi. Tairi likipasuka, muda wa kuziba ni wake. Majira ya baridi mwaka mmoja aliteleza kwenye reli ya tramu, akaumia goti, akakaa nyumbani wiki sita bila kupata kitu. Na huyo anaishi katika nchi yenye kima cha chini cha mshahara kilichokuwa euro 13.27 kwa saa Januari 2024! Kima hicho ni cha waajiriwa, naye hahesabiwi miongoni mwao. Nchini Uganda kima cha kisheria kiliwekwa mwaka 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi, na muswada uliopitishwa na Bunge mwaka 2019 ili kuweka utaratibu mpya haukutiwa saini.

Wako wenzake waliokwisha pambana na jambo hili, nao pia ni watu wa baisikeli. Vijana waliopeleka chakula majumbani kwa kampuni ya Deliveroo walikuwa wameandikwa vile vile kuwa wamejiajiri. Shirikisho la vyama vya wafanyakazi la FNV likaishtaki kampuni. Mahakama ya Amsterdam ikaamua mwaka 2019 kwamba wale ni waajiriwa, mahakama ya rufani ikasema hivyo hivyo mwaka 2021, na Mahakama Kuu ya nchi ikakata shauri tarehe 24 Machi 2023: ni waajiriwa. Hapo kampuni ilikuwa imekwisha funga kazi zake Uholanzi tangu Novemba 2022. Vijana walishinda kesi, mwajiri hayupo. Hata hivyo hukumu imebaki na wengine wanaitumia, na kuanzia tarehe 1 Januari 2025 idara ya kodi imeanza tena kuwabana waajiri wanaowaita wafanyakazi wao watu waliojiajiri.

Ndugu zetu wa boda boda watalielewa jambo hili haraka. Kazi yao ilianza kwa baisikeli mpakani Busia katika miaka ya 1960, kuvusha abiria na mizigo kati ya Kenya na Uganda, na mpaka leo wengi wao hupeleka kila jioni hesabu ya mwenye chombo, huku wakiambiwa kwamba wao ni wafanyabiashara.

Tulirudisha baisikeli jua la huko likiwa linazama. Mwongozaji alizikagua moja moja, akafunga minyororo na makufuli. Dada yetu akamwuliza mwenyeji wetu wa chama, aliyekuja kutuchukua, kama watu walioandikwa kuwa wamejiajiri wanaweza kujiunga. Akajibu kwamba wanaweza, na wako wengi. Akafungua mkoba akatoa fomu. Mwongozaji aliisoma mbele na nyuma pale pale chini ya taa ya stesheni, akauliza ada ni kiasi gani, akaambiwa. Aliikunja mara mbili akaitia katika mfuko wa ndani wa koti, kisha akaondoka kwa baisikeli yake mwenyewe, ambayo haikuwa na taa ya nyuma.